Jinsi ya Kuanzisha Kikundi cha Kusaidiana cha Watu Wenye Ulemavu Wanaoishi kwa Kujitegemea, Moshi Mjini

Mimi ni mwezeshaji wa vikundi vya aina hii na natumia kiti mwendo. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inatambua haki yetu ya kuchagua mahali pa kuishi na mtu wa kuishi naye. Haki hiyo ikifika kwenye chumba cha kupanga Pasua au Majengo hugeuka kuwa maswali ya kila siku: nani ateke maji, choo kina ngazi ngapi, msaidizi akichelewa ifanyikeje. Wenye majibu ni wenzako wanaoyaishi maisha hayo.

Hatua ya kwanza ni kutafuta mahali, kabla hata ya kutafuta watu. Nenda ukakague pamoja na mtu anayetumia kiti mwendo na mwingine asiyeona, na mfike kwa daladala au bajaji kama watakavyofika wanachama, mkikumbuka kwamba njia inayopitika Januari inaweza kuwa tope tupu wakati wa masika. Anzeni na choo. Ukumbi wenye mlango mpana lakini choo chenye ngazi huwafanya watu waache kunywa maji tangu asubuhi, na kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo zoea hilo huchangia maambukizi ya njia ya mkojo.

Hatua ya pili, alika watu wachache, sita hadi kumi wanatosha, kupitia wenyeviti wa mitaa, Afisa Ustawi wa Jamii na vyama vya watu wenye ulemavu. Kama yupo kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama mapema na umpangie malipo. Usimtegemee ndugu yake, kwa sababu yako mambo ambayo mtu hawezi kuyasema kupitia mdomo wa dada yake.

Hatua ya tatu, kubalianeni kuhusu siri, na kwamba wanaoamua ni wanachama wenyewe. Ndugu na wasaidizi wasubiri nje, isipokuwa mwanachama akiomba msaidizi wake abaki.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha kazi. Kila kikao kiwe na jambo moja linaloonyeshwa kwa vitendo na mwanachama analolifanya nyumbani kwake. Mfano mzuri ni ukaguzi wa ngozi: mwenzetu anashika kioo kidogo cha mkono, anaeleza jinsi anavyojigeuza kitandani kila asubuhi na jioni, kisha anavyotazama makalio na visigino kutafuta sehemu iliyobadilika rangi au yenye joto, dalili ya kidonda kinachoanza kwa kukaa au kulala upande mmoja muda mrefu, kwa kuwa mahali pasipo na hisia hapatoi taarifa ya maumivu. Baada yake wote wanaotumia viti wanafanya mazoezi ya kujiinua kwa mikono au kuinama mbele ili kupunguza mgandamizo, jambo linalopaswa kurudiwa kila baada ya dakika 15 hadi 30. Daktari anaweza kuyaeleza hayo vizuri. Mwenzako atakueleza pia namna ya kuyafanya ukiwa kwenye genge lako sokoni huku wateja wakikutazama.

Hatua ya tano inahusu fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu; utaratibu utaupata kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Ushauri wangu ni kwamba suala hilo lipangiwe kikao chake, vinginevyo marejesho yatameza muda wote na mwenye msiba au kidonda hatapata nafasi ya kusema.

Mwisho, gawaneni wawili wawili wa kupigiana simu. Mwanachama asipofika, mwenzake ampigie siku hiyo hiyo, na akisikia habari ya kidonda au homa, ahakikishe anafikishwa hospitali bila kusubiri kikao kijacho.