Jinsi ya kusoma tunu zilizo nyuma ya komenti kuhusu waomba hifadhi

Mtu akiandika "warudi kwao" chini ya habari ya Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya, hapo umeona hitimisho tu. Tafuta anacholinda: usalama wake, mila zake, au riziki ya jirani zake? Wengi huhesabu matusi wakadhani wamepima tunu, yaani mambo ambayo mtu anayathamini maishani.

Anza na tukio moja lenye tarehe. Kwa Kenya, uzinduzi wa mpango wa serikali uitwao Shirika, Machi 2025, unafaa sana. Unakusudia kugeuza kambi za Dadaab na Kakuma ziwe makazi ya pamoja na wenyeji, kwa hiyo unagusa ardhi, kazi na huduma kwa mpigo. Chukua komenti 300 kutoka kurasa tatu zisizofanana. Futa majina na zilizonakiliwa, ila bakiza ujumbe ambao kila komenti inaujibu.

Chora jedwali la safu tatu: msimamo (1 anawakubali, 0 haueleweki, -1 anawakataa), tunu, na anayesemwa. Hiyo ya tatu usiidharau: mwomba hifadhi bado anasubiri uamuzi, mkimbizi ameshatambuliwa, na mitandaoni wote wawili huchanganywa na mtu aliyekuja kutafuta kazi.

Mwanasaikolojia Shalom Schwartz alipanga tunu kumi mwaka 1992. Hapa nne zinatosha: usalama, desturi, utu kwa watu wote, na wema kwa walio karibu. Mbili za mwisho ndizo zinazoponza wasomaji. "Waturkana wanalala njaa, walishwe wao kwanza" si lazima iwe chuki, na utu kwa wote siyo. Ni wema unaoishia nyumbani, kwa Waturkana walio wenyeji wa Kakuma. Andika msimamo -1, tunu wema.

Methali nazo ni mtego. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe": mmoja anataka mgeni aruhusiwe kufanya kazi, mwenzake anamwonyesha mlango. Rudi kwenye ujumbe unaojibiwa. Usipopata jibu, weka 0 na uache safu ya tunu wazi. Programu ya kuhesabu maneno haifui dafu hapa, na ikikutana na Sheng ndiyo basi kabisa.

Watu wawili wasome komenti 50 zilezile bila kuulizana, kisha mkokotoe kapa ya Cohen, kipimo cha jinsi wasomaji wawili wanavyokubaliana kuliko ambavyo bahati tu ingeleta. Ikiwa chini ya 0.7 msipige kura. Andikeni upya maana ya tunu iliyowagawa, mjaribu 50 nyingine.

Ukiweza kuwafikia wachangiaji wenyewe, wape dodoso la Schwartz lenye maelezo mafupi 21 ya watu, lile linalotumika katika Utafiti wa Jamii wa Ulaya. Humo 1 ni "anafanana nami sana" na 6 "hafanani nami kabisa". Geuza kwanza: 7 toa alama aliyoweka. Halafu kwenye kila jibu punguza wastani wa majibu yote ya mtu huyohuyo, maana wapo wanaojibu "sana" kila mahali. Ukisahau kugeuza, mpenda usalama atasomeka kama asiyeujali, na jedwali lako halitaonyesha kasoro yoyote.