SOMO: Kurudi kwenye chakula kigumu baada ya kukatwa tumbo ili kupunguza uzito (slivu: tumbo linakatwa libaki mrija; baipasi: tumbo linabaki kifuko kidogo kilichounganishwa na utumbo)

Wakuu, nimechoka kujibu "nina wiki ya tano, naweza kula ugali?" Naandika hapa mara moja. Anayeuliza tena nitamtupia linki.

Somo hili ni la aliyemaliza hatua ya vinywaji na ya vyakula vya kusaga, na daktari wake amemruhusu kusonga mbele. Karatasi uliyopewa hospitali ikipishana na mimi, fuata karatasi.

Muda: hospitali nyingi huenda hivi. Wiki 2 za kwanza majimaji, wiki ya 3 na ya 4 vya kusaga, ya 5 na ya 6 vilaini vinavyopondeka kwa uma, vigumu kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8. Usihesabu kwa njaa. Mshono ulioko ndani hauna habari na njaa yako.

1. Tumia kisahani cha kikombe na kijiko cha chai. Sahani ya wali iache kabatini.

2. Mlo mmoja usizidi vijiko vikubwa 4 (vya mezani, si vya chai) kwa kuanzia. Protini iingie kwanza: yai la kuvuruga lisilokauka, samaki wa kuchemsha, choroko zilizokobolewa na kupondwa, mtindi usio na sukari. Mboga baadaye, wanga mwisho kama nafasi ipo. Mara nyingi haipo.

3. Chakula kipya kimoja kwa siku, tena mchana. Ukijaribu vitatu kwa pamoja halafu ukatapika, utamlaumu nani?

4. Tafuna mara 20 hadi 30, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30.

5. Kikikwama. Hapa ndipo nilipochemsha, kwa hiyo soma polepole. Kwenye baipasi, tundu la kutokea chakula lina upana wa sentimita 1 hadi 2 tu. Kwenye slivu, tumbo lote limekuwa mrija. Kipande cha kuku kisichotafunwa kikiziba hapo, unasikia kubanwa chini ya chembe cha moyo, mate yanajaa mdomoni, pengine kwikwi, chafya au kamasi ghafla. Akili inakwambia "sukuma na maji". USINYWE. Maji hayapiti, yanakaa juu ya kile kipande, mate nayo yanazidi kumiminika, na dakika chache baadaye unatapika povu zito linalovutika kama mlenda. Soda ndiyo mbaya zaidi, maana gesi inatanua pale palipobanwa.

Cha kufanya: acha kula, simama, tembea taratibu, tema mate badala ya kumeza. Mara nyingi kinashuka au kinarudi chenyewe. Baada ya hapo siku nzima ni majimaji, kwa sababu pameshavimba na tonge linalofuata litakwama kirahisi zaidi. Ukishindwa kumeza hata mate kwa saa kadhaa, au kila unachokunywa kinarudi kwa siku nzima, nenda hospitali. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, vitamini B1 inaweza kupungua mwilini, na ikiendelea hivyo ubongo unaweza kudhurika. Waambie wauguzi umekatwa tumbo na uwakumbushe B1 kabla ya dripu ya glukosi.

Wakwamishaji wakubwa: kifua cha kuku cha jana kilichopashwa moto, nyama choma, ugali mgumu, chapati, mkate laini, wali mkavu. Kuku anza na paja lililochemshwa hadi likaachana na mfupa, lichambue nyuzinyuzi, liloweke kwenye mchuzi.

6. Usinywe wakati wa kula, na subiri dakika 30 baada ya mlo. Muda uliobaki piga mafunda madogo hadi ufikishe lita 1.5 kwa siku.

7. Lengo la protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja ni 6 hivi, samaki gramu 100 ni kama 20. Uji mtupu wa sembe ni karibu na bure.

Homa, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto: hiyo si habari ya chakula, nenda hospitali sasa hivi.

MASWALI

Kibuyu: Mkuu ugali lini sasa?
— Soma namba 5, orodha ya wakwamishaji. Ukifika miezi mitatu bila kutapika, jaribu kijiko kimoja cha ugali laini wenye mchuzi.

Simba_wa_Mtaa: Mimi nilikula wali wiki ya tatu na sijafa.
— Hongera. Somo ni la wengine.

MamaNuru: Samahani dada, mbona chapati inanikaba lakini biskuti tatu zinapita bila shida?
— Swali zuri sana. Chapati na mkate laini vikikutana na mate vinarudi kuwa donge la unga. Biskuti na krispi zinayeyuka kuwa uji, zinateleza, tumbo halijai na mkono unarudi kwenye pakiti. Kilo hurudi kwa njia hiyo. Kupita kirahisi si sifa. Kwa aliyefanyiwa baipasi kuna jambo la pili: sukari ikifika kwenye utumbo kwa kasi, ndani ya dakika 10 hadi 30 unatoka jasho, moyo unadunda, tumbo linasokota, unaharisha. Juisi ya miwa inafanya hivyo vizuri kuliko biskuti.

Mvuvi wa Bara: Naongezea. Dagaa watoe vichwa, wakaange bila mafuta, saga, chekecha. Kijiko kimoja kwenye choroko, protini inapanda na hakuna kinachokwama.
— Chekecheo liwe la chai, miiba midogo inachoma. Asante mkuu.

Bi_Pwani: Vidonge vya madini ya chuma nameza na chai asubuhi, vibaya?
— Chai inazuia chuma kuingia mwilini. Meza na maji, chai isogeze mbele. Kalsiamu nayo itenganishe na chuma kwa saa 2. Na Ramadhani ikifika: kufunga bila maji muulize daktari wako kwanza, hasa kama mwaka haujaisha tangu ukatwe. Lita 1.5 kati ya futari na daku kwa mafunda madogo ni kazi.

Kibuyu: Mgongo unauma, duka la dawa wamenipa diklofenaki. Nimeze kabla ya kula au baada?
— Usimeze kabisa. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zinachimba vidonda, kwa baipasi pale pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Irudishe, omba parasetamoli, na mwambie wa dukani kwamba umekatwa tumbo.