Umeitwa kazi ya ukalimani serikalini Marekani? Zingatia haya kabla ya kutia saini

Vijana wetu waliopata uraia huku Marekani hunipigia simu wakishaona tangazo: anatakiwa mkalimani wa Kiswahili, jeshini au kwenye kampuni yenye mkataba na serikali. Mshahara mnono. Nenda, sikuzuii. Ila nisikilize kwanza, kwa sababu sheria ya ujasusi ya huku, iliyotungwa 1917, haimkamati jasusi peke yake.

Uraia uwe mkononi. Kwa kibali cha kuona nyaraka za siri, karatasi ya ukaazi haitoshi.

Fomu ya upekuzi, SF-86, ijaze kwa ukweli mtupu. Itakuuliza ndugu walioko nje, safari zako, akaunti za benki, mpaka kiwanja ulichonunua Kibaha. Andika vyote. Kuwa na shangazi Muheza si kosa. Kumficha ndiko kosa, na uongo kwenye fomu ile unaweza kukufunga miaka 5.

Simu iache kwenye kabati la mlangoni. Kila siku, hata kama mtoto anaumwa. Wape nyumbani namba ya ofisi.

Karatasi ya kutunza siri, SF-312, isome mstari kwa mstari. Ahadi ile ni ya maisha, haiishi siku unapoacha kazi.

Sasa nije kwenye kidaftari kilichoniponza mimi. Hili halikuwepo kwenye semina yoyote niliyokaa, au lilikuwepo nami nikalipuuza.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi hii niliifanya: kusikiliza mazungumzo ya watu na kuyatafsiri. Kiswahili changu nilikiamini, mpaka nilipokutana na Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu. Maneno mengine nilikuwa nayasikia mara ya kwanza maishani. Mkalimani yeyote anajua ile aibu ya kukwama. Basi nikanunua kidaftari cha jalada la kijani, kinachoenea mfuko wa shati. Kushoto neno, kulia maana ninayoikisia, juu ya ukurasa tarehe. Jioni nakwenda nacho nyumbani, nafungua kamusi, nampigia rafiki Mkongo kumuuliza neno. Nilijiona mfanyakazi hodari.

Siku moja walinzi wakapekua mabegi mlangoni. Kesho yake niliketishwa chumbani na maafisa wawili, kidaftari kimefunguliwa mezani. Mmoja akaweka kidole kwenye tarehe, akakisogeza mpaka kwenye neno, akauliza: siku hii ulikuwa unasikiliza nini? Nikanyamaza, maana jibu lilikuwa mbele yetu. Neno la mji fulani, tarehe fulani, kwenye daftari la mtu anayefanya kazi ile. Mwenye akili angejua nani alikuwa anasikilizwa. Maneno yenyewe sitayataja hata leo.

Sikushtakiwa, namshukuru Mungu. Lakini kibali kilisimamishwa, kazi ikaisha, na miezi minne nilikaa bila mshahara huku ada za wadogo zangu Tanga zikinisubiri. Yule Mkongo naye alihojiwa, mtu wa watu asiyejua lolote. Hilo linaniuma zaidi kuliko kazi.

Elewa basi: sheria ile ya 1917 haingoji karatasi ipigwe mhuri wa siri. Inazungumzia habari zinazohusu ulinzi wa taifa, ziwe zimechapwa, zimechorwa, au zimeandikwa kwa mwandiko wako mbaya. Kuzitoa mahali pake kwa uzembe mkubwa ni kosa, na kila shitaka hufika miaka 10. Ukizipeleka kwa serikali ya kigeni, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, hata kifo. Jenerali Petraeus mwenyewe, aliyewahi kuongoza shirika la ujasusi la CIA, aliponzwa na madaftari yake ya mkono. 2015 alikiri kosa dogo, akapewa miaka miwili ya uangalizi na faini ya dola 100,000. Usijilinganishe naye, wewe si jenerali. Mtazame Nghia Pho, mfanyakazi wa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, aliyepeleka kazi ya siri nyumbani ili apate tathmini nzuri kazini. Hakuuza kitu. Mwaka 2018 alifungwa miezi 66.

Na wakalimani wenzangu, mapenzi ya mtandaoni muyaogope. Mariam Thompson alikuwa mkalimani wa mkataba kama sisi. Mwanamume aliyempenda kwa simu za video alimwomba majina ya watu wanaoipa Marekani habari kwa siri, akampa. Mwaka 2021 alihukumiwa miaka 23.

Mengine ni ya kawaida. Harusini ukiulizwa kazi yako, sema unatafsiri, badilisha mazungumzo. Picha za ofisini usipige. Pombe na wageni wadadisi, kaa mbali. Ukikuta karatasi ya kazini imechanganyika na vitu vyako nyumbani, usiichane wala usiirudishe kimyakimya. Piga simu kwa afisa usalama saa hiyohiyo, maana kujua kisha kunyamaza ni kosa jingine. Na kila jioni, kabla hujafika mlangoni, geuza mifuko, hata ule wa shati.