Serikali imeridhia? Hakiki mwenyewe kwa simu yako

Mtoto wa dada yangu alirudi Wete kwa Iddi kutoka hotelini Unguja, akaniletea mkataba wake wa kazi barazani. Kifungu cha tisa kilikuwa mstari mmoja: mfanyakazi hatajiunga na chama chochote muda wote wa ajira. "Mama mdogo, hii ndiyo sheria?" Kidole chake kilikuwa juu ya muhuri, kama kwamba muhuri ndio uliomfunga.

Iko mikataba mikubwa kuliko ule. Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa 1949, kifungu chake cha 1 kinataja jambo lile lile: mtu asiajiriwe kwa sharti la kutojiunga na chama cha wafanyakazi. Je, serikali yetu imeuridhia, yaani imekubali kufungwa nao? Tulihakiki pale pale barazani.

Fungua NORMLEX, hazina ya ILO kwenye intaneti. Haina Kiswahili, basi kaa na kijana wa skuli anayejua Kiingereza. Kwenye nchi utakuta Tanzania, na pembeni Tanganyika na Zanzibar. Ya Zanzibar ni fupi, na wenzetu wakiiona huvunjika moyo. Usiishie hapo! Fungua ya Jamhuri ya Muungano, maana mambo ya nje ni ya Muungano na Bunge ndilo linaloridhia, kwa Ibara ya 63 ya Katiba.

Tafuta tarehe ya kuridhia. Mtu akikwambia "tulisaini", usitosheke: mikataba ya ILO hupitishwa Geneva kwa theluthi mbili ya kura, na waajiri na wafanyakazi nao hupiga, kisha kila nchi huamua kuridhia au la. Na. 87, wa uhuru wa kujiunga, tumeuridhia 2000. Na. 98 umeandikwa kuwa uliridhiwa 1962, kabla ya Muungano, lakini soma maoni ya Kamati ya Wataalamu ya ILO, inayofuatilia utekelezaji: wanaihoji serikali kuhusu Zanzibar pia, kwa sehemu yake mbali.

Mbali kwa sababu kazi si jambo la Muungano. Tunayo Sheria ya Ajira Na. 11 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1, zote za 2005. Kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi tangulia na hizo, Na. 98 uzitie nguvu. ILO haipokei lalamiko la mtu mmoja, hivyo malalamiko ya huko yapitie chama chako na ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar.

Mwanangu alimwandikia meneja mistari mitano: kifungu cha tisa neno kwa neno, chini yake kifungu cha 1 cha Na. 98. Nakala ninayo mimi. Yako nawe mwachie unayemuamini kabla hujaipeleka.