Ukibadilisha kulanti mwenyewe, toa hewa

Ukishamwaga kulanti (kimiminika cha kupozea injini) ya zamani na kujaza mpya, usikimbilie kufunga mfuniko wa rejeta. Hewa hunasa ndani, na injini inaweza kuchemsha ingawa rejeta inaonekana imejaa. Weka hita kwenye joto la mwisho, washa gari mfuniko ukiwa wazi, usubiri. Viputo vitapanda, kisha themostati (vali inayofunguka injini ikipata joto) ikifunguka kulanti itashuka ghafla. Ongeza taratibu mpaka viputo viishe. Kazi uianze injini ikiwa baridi kabisa, maana mvuke wa rejeta unababua vibaya. Kulanti nzito huchanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvichumvi. Ile ya zamani ikinge kwenye beseni, tafadhali: ni tamu, mbwa na paka huilamba, na inaua.