Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Tiba ya Mkono Ulioshonwa Kano

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini baada ya kushonwa kano, yaani kamba zinazounganisha misuli na mifupa, au mishipa ya fahamu ya mkono, aghalabu huondoka akiamini kwamba shughuli kubwa imekwisha na kilichosalia ni kungoja kidonda kikauke. Kwetu sisi tunaompokea katika chumba cha tiba ya kazi, yaani tiba ya kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake, hapa Kisumu, hapo ndipo shughuli inapoanza, na sehemu yake kubwa itafanyika nyumbani, Ahero au Bondo au Muhoroni, mbali na macho yetu. Ndiyo maana naomba kwamba kabla ya miadi ya kwanza, mgonjwa na jamaa zake wapige hesabu ya wiki 12, wala si ya siku moja.

Hesabu hiyo ina sababu zake. Nyuzi za ngozi hutolewa kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14, na ngozi ikishaziba mtu hujiona amepona, ilhali kano iliyo chini yake ingali laini na haiwezi kuhimili hata kukamua nguo. Kano za kukunja vidole hulindwa kwa gango, yaani kifaa kigumu cha kuutuliza mkono, kwa muda wa wiki 6 hivi, kisha mkono huanza kutumika kwa kazi nyepesi, na kazi nzito kama kulima, kukata miwa au kubeba mtungi husubiri hadi wiki ya 12 au zaidi, kwa kadiri daktari wa upasuaji atakavyoona.

Namkumbuka mama mmoja muuza samaki wa Dunga, ambaye kisu kilimteleza akipasua mbuta na kumkata kano zote mbili za kidole cha shahada. Alikuwa akiendelea vizuri. Wiki ya nne mteja aliagiza samaki wengi, na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuwaparuza, alivua gango akisema ni kwa dakika chache tu. Alisikia kitu kikifyatuka kiganjani kama uzi wa wavu unaokatika, bila maumivu makubwa, kisha kidole kile kikabaki kimenyooka huku vingine vikikunjika. Ikabidi arudi kupasuliwa tena. Hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa na watoto wa kulisha na hakuwa amepata mtu wa kumshikia meza yake. Kwa hiyo swali ninaloliweka mbele ya mengine yote ni hili: nani atafanya kazi yako katika kipindi hicho? Nani atasonga ugali, nani atafua, nani atakamua ng'ombe asubuhi? Jibu lipatikane kwa majina ya watu, na watu wenyewe wawe wamekubali.

Nauli nayo ihesabiwe mapema, kwa sababu huenda ukatakiwa kufika kila wiki katika wiki za mwanzo, na wengi wanaoacha tiba hawaiachi kwa kupuuza bali kwa kuishiwa. Ikiwa makazi yako ni mbali, mwambie mtaalamu siku ile ya kwanza, ili apange mazoezi mengi zaidi ya nyumbani au akutafutie mwenzake katika hospitali iliyo karibu nawe. Kuhusu malipo, kumbuka kwamba SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya taifa ya hospitali, mnamo Oktoba 2024. Hakikisha umesajiliwa na michango yako haijakatika, kisha uulize katika ofisi ya hospitali ni huduma zipi zitalipiwa na zipi utazigharimia mwenyewe. Aliyeumia kazini anapaswa kumjulisha mwajiri bila kuchelewa, kwani sheria ya fidia ya mwaka 2007 inataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.

Katika karatasi utakazobeba, iliyo muhimu kuliko zote ni ile inayoeleza kilichofanyika katika chumba cha upasuaji: kano zipi zilishonwa, kama mshipa wa fahamu uliguswa, na tarehe. Bila hiyo, mtaalamu hulazimika kukisia na kwenda polepole kuliko ilivyohitajika. Beba pia picha za eksirei na dawa unazotumia.

Pete zivuliwe kabla uvimbe haujazikaza. Safarini, mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo, usining'inie, na ndani ya matatu uketi mahali ambapo abiria wanaoingia na kutoka hawataugonga. Gango la plastiki hufinyangwa kwa maji ya moto, kwa hiyo joto ndilo adui yake: usiliache karibu na jiko wala juani kwenye dirisha la gari, na ulioshe kwa maji baridi na sabuni pale tu utakapokuwa umeruhusiwa kulivua. Vidole vikigeuka rangi, ganzi ikiongezeka, usaha ukitoka au gango likikubana mno, usingoje siku ya miadi.

Ningependa pia familia izungumze mapema kuhusu kukandwa. Wazee wetu hukanda kiungo kilichoumia kwa nia njema na mara nyingi hukitendea wema, lakini kano iliyoshonwa juzi ikivutwa au kukandwa kwa nguvu huweza kukatika. Ukandaji wa kovu una wakati wake, baada ya kidonda kufunga kabisa, nasi huufundisha.

Ikiwa mshipa wa fahamu ulikatwa, subira inayohitajika ni ya aina nyingine. Mshipa huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, hivi kwamba aliyekatwa kwenye kifundo cha mkono huweza kungoja nusu mwaka au zaidi kabla hisia hazijarejea kwenye ncha za vidole. Wakati wote huo vidole havitajua kwamba sufuria ni ya moto. Jikoni, maji yapimwe kwa mkono usioumia, na mkono wenye ganzi usikaribie moto.

Mwisho, njoo ukiwa tayari kueleza kazi yako kwa undani, kwa kuwa tiba hii hupangwa kulingana na kazi hiyo. Ukisema tu kwamba wewe ni fundi, hatujui kama mkono wako hushika mkasi, nyundo au bao la kupigia lipu. Wiki za kurudi kazini zikikaribia, leta kifaa chenyewe. Yule mama wa Dunga alileta kisu chake kikiwa kimefungwa ndani ya gazeti. Tulikizungushia mpini ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi ukanenepa, akakishika bila kulazimika kukunja kidole hadi mwisho, na dada yake, ambaye safari hii ndiye aliyeshika meza tangu wiki ya kwanza, akaomba aonyeshwe namna ya kuuzungushia mpini wa kisu cha pili.