Umepewa ukuu wa idara ya sayansi? Kaa ujipime kabla miaka 3 haijaisha

Ukiteuliwa mkuu wa idara, iwe kemia, fizikia au zuolojia, watu wanakupongeza wiki nzima halafu unabaki na mafaili. Muda wenyewe mara nyingi ni miaka 3 na inakatika haraka mno. Mi nilishtuka mwaka wa pili, nimefungua CV niombe ufadhili nikakuta makala ya mwisho niliyoongoza mwenyewe ni ya kabla ya cheo, iliniuma kweli.

Anza na daftari. Wiki 2 za semista ya kawaida (ya mitihani usiichague, itakudanganya), kila jioni andika saa zako zimeenda wapi: vipindi, vikao, wanafunzi wa uzamili, maabara, na zile dharura kama oda ya kemikali imekwama kwenye NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni) na praktiko ni kesho. Usikadirie kichwani. Mi nilidhani utafiti unakula robo ya wiki yangu, daftari likaonyesha saa 3.

Ukimaliza pitia kila mstari ujiulize, hii lazima nifanye mimi? Na je naipenda? Hilo la pili wengi wanaliruka wanaona la kitoto, ila ndo lenyewe. Mwenzangu mmoja aligundua anafurahi zaidi akikaa na wahadhiri wachanga kupanga mtaala kuliko akiwa kwenye hadubini, na hiyo si aibu hata kidogo, mtu wa hivyo akiwa amidi kitivo kizima kinafaidika. PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, haikuulizi hayo, yenyewe inapima kazi uliyokubaliana na mwajiri, we unataka nini ni lako kulitafuta.

Halafu hesabu miaka. Vyuo vya umma Tanzania profesa na mhadhiri mwandamizi wanastaafu kwa lazima wakiwa na 65, kwa hiyo ukiwa na 48 umebakiza 17, toa 3 za idara, toa 3 nyingine wakikuongezea, toa na za uamidi kama unautaka, uone kilichobaki kinatosha wanafunzi wangapi wa PhD kumaliza mikononi mwako. Na kama bado hujawa profesa mshiriki, orodhesha machapisho unayopungukiwa moja moja na tarehe zake, maana vikao ulivyoongoza havitakuvusha.

Ukishajua unakoelekea mwambie amidi mapema, usisubiri muda uishe. Anayetaka kurudi kwenye utafiti aombe likizo ya sabatiko (ile ya kupumzika kufundisha ili ufanye utafiti) akiwa bado ofisini, na uratibu wa mitihani na ratiba awaachie wenzake wajifunze, wapo wanaoweza.

Kitu cha mwisho, uliza watu wanaokuona kila siku: mwanafunzi wako wa PhD, mtu wa nyumbani, na fundi sanifu wa maabara. Waulize wananiona nimebadilika wapi, kisha nyamaza usikilize, usijitetee. Fundi wetu, mzee mpole sana, alinijibu hivi: "Dokta, koti lako la maabara nimeshalifua mara mbili, hujalivaa." Sikulala vizuri siku ile. Jumanne iliyofuata nikalivaa, nikamwambia katibu muhtasi asubuhi za Jumanne asinipangie kikao chochote, na mpaka leo hapangi.